Sauti ya pili kwenye prosesa ya gitaa: panga ufunguo kwanza

Solo ya rumba inanoga gitaa mbili zinapokwenda pamoja, moja ikiifuata nyingine tatu juu, yaani kwenye noti ya tatu ukihesabu na ile ya kwanza: do na mi, re na fa. Ukiwa mpiga solo peke yako, prosesa, kile kifaa cha kubadili sauti ya gitaa, inaweza kukutolea hiyo ya pili, ila lazima ujue unaiambia nini.

Hatua ya 1. Kwenye menyu chagua Harmony, usichague Pitch Shift. Pitch Shift husogeza kila noti kwa nusu toni zilezile ulizoweka; Harmony huhesabu ndani ya skeli, yaani ngazi ya do-re-mi ya wimbo. Chukua wimbo ambao do ni G. Do hadi mi ni nusu toni 4, lakini re hadi fa ni 3 tu. Ukiweka Pitch Shift +4, G itakupa B, safi kabisa. Piga A sasa: inatoka C kali (C#, nusu toni juu ya C), na wimbo unataka C ya kawaida. Hata mtoto wa kwaya atasikia kwamba hiyo si fa.

Hatua ya 2. Tyuni gitaa, kisha weka ufunguo, yaani do ya wimbo na aina ya skeli (hapa G, meja), na chagua tatu juu.

Hatua ya 3. Weka distosheni (ile ya kukwaruza sauti) kabla ya Harmony. Ikija baada yake, noti mbili zinakwaruzwa kwa pamoja na kuvurugika. Dilei na revebu, zile za mwangwi, zikae mwisho.

Hatua ya 4. Shusha sauti ya pili iwe chini kidogo ya ile unayopiga. Wengi huzilinganisha, na msikilizaji hajui tena wimbo ni upi.

Hatua ya 5, ambayo ndiyo ya sikio. Mashine inajua ufunguo, haijui kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Bendi ikikaa kwenye kodi ya do nawe ukatulia kwenye so, mashine itaweka ti juu yake, na ti hapo inaning'inia. Mwimbaji wa alto angeshika mi. Kwa hiyo tayarisha mpangilio wa pili wenye tatu chini, uukanyage kwenye so ndefu, au zima kabisa. Mimi napenda kuzima: sauti ya pili inayokuja na kuondoka ina utamu kuliko inayoimba wimbo mzima.

MASWALI

Nikipiga kodi inatoa mlio wa ajabu. Imeharibika?
Hapana. Harmony husoma noti moja kwa wakati. Piga uzi mmoja, zuia nyingine kwa kiganja, na jaribu pikapu ya upande wa shingo.

Mwalimu, wimbo wetu ni A maina na mashine yangu ina meja tu.
Weka C meja, noti ni zilezile. Angalia tu mahali wimbo unapotumia G kali, hapo zima.

Bendi yetu hushusha nyuzi zote nusu toni. Niweke G?
Weka F kali. Mashine husikia mlio wenyewe, haioni vidole vyako.

Kanisani naitumia kwa maikrofoni, sauti ya juu inakuwa ya kitoto.
Sauti ya mtu ikipandishwa, umbo la koo hupanda nayo. Tafuta mpangilio wa formanti, yaani wa hilo umbo la koo, uurudishe chini, dada. Kama haupo, tumia sauti ya chini ya kwako, au usipandishe zaidi ya tatu.