Kidonda cha tumbo kikitoboka: kumtambua mgonjwa na kuanza matibabu

Nawaandikia wenzangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Mgonjwa huyu hufika kwenu kwanza, mara nyingi usiku, na nyinyi ndio mnaoamua kama atamwahi mpasuaji.

Hatua ya 1: Uliza maumivu yalivyoanza. Wengi hukutajia saa kamili. Huanza ghafla kwenye chembe ya moyo, husambaa tumbo zima, pengine hupanda hadi begani kwa kuwa asidi imechokoza dayaframu, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Uliza kuhusu sigara na vidonda vya tumbo. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazochokoza tumbo, zitaje kwa majina, maana vidonge vya dukani wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 2: Weka mkono tumboni. Mwenye mawe ya figo hugaagaa. Huyu hulala kimya, hataki hata kitanda kitikiswe. Tumbo ni gumu kama ubao. Lakini saa chache baadaye maumivu yanaweza kupoa, kwa sababu majimaji yanayojikusanya tumboni huzimua asidi. Nafuu hiyo inaua. Nilimpokea kijana aliyekuwa amepewa dawa ya kupunguza asidi kwingine na kurudishwa nyumbani kwa kuwa "anaendelea vizuri". Kesho yake mapigo yalikuwa 130, presha imeshuka, na tulipompasua tulikuta usaha mpaka chini ya ini. Akisema amepata nafuu, mpime upya mapigo, presha na tumbo.

Hatua ya 3: Piga eksirei ya kifua akiwa wima. Mkalishe dakika 10 kwanza ili hewa iliyovuja kwenye tundu ipande, kisha tafuta ukanda mweusi kati ya dayaframu na ini. Asiyeweza kukaa, mlaze ubavu wa kushoto. Usipoiona hewa, usimwachie; baadhi hawaionyeshi kabisa. Mimi huuamini mkono wangu kuliko picha safi.

Hatua ya 4: Mwandae huku ukipiga simu. Asile wala asinywe. Weka kanyula (mirija ya mshipani) mbili nene, dripu ya Ringer's lactate, oksijeni, mpira wa puani hadi tumboni na mpira wa mkojo. Lenga angalau mililita 0.5 za mkojo kwa kila kilo kwa saa. Mpe seftriaksoni, metronidazoli na omeprazoli kwa mshipa. Mpe mofini kidogo kidogo, haitakuficha ugonjwa. Diklofenaki, hapana. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2013 ulionyesha kila saa ya kuchelewa kupasuliwa ikiambatana na kupungua kwa uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 2.4, kwa hiyo usisubiri dripu iishe ndipo utafute gari.

Hatua ya 5: Upasuaji. Tundu dogo la duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) huzibwa kwa kipande cha omentamu (pazia la mafuta linalofunika utumbo) ambacho bado kinapata damu, kikashikizwa kwa nyuzi. Cellan-Jones aliieleza njia hiyo mwaka 1929. Osha tumbo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe. Tundu likiwa kwenye mfuko wa tumbo wenyewe, chukua vinyama vya kingo vipimwe saratani.

Hatua ya 6: Kabla hajaruhusiwa, pima bakteria wa Helicobacter pylori. Wakiwepo, mpe omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini kwa siku 14, na umpangie kipimo kingine wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki 2.