Protini yako inaingia kwenye kiini cha seli au haiingii? Namna ya kujua bila kujidanganya

Wadau, kuna kitu nakiona kila mara kwa watu wanaoanza kazi ya seli na leo acha nikiandike chote sehemu moja nisirudie tena. Mtu anakuja na picha ya hadubini, ameunganisha GFP, ile protini inayong'aa kijani, na protini yake, seli nzima inang'aa kijani halafu katikati kiini cheusi tii kama kimekatwa na mkasi, anatangaza: protini yangu haiingii kwenye kiini. Mi huwa namuuliza swali moja tu, umeziba njia ya kutokea? Anabaki ananiangalia.

Sikia, mtungi uliotoboka haujai hata uumwagie maji kutwa kucha, na ukiukuta mtupu huwezi kusema hakuna aliyeumwagia maji. Kiini ndo hivyohivyo. Unachokiona kwenye picha ni hesabu ya wanaoingia ukitoa wanaotoka, na kama inatoka haraka kuliko inavyoingia basi utaona kiini cheusi hata kama protini inapita humo siku nzima. Najua uchungu wake kwa sababu mi mwenyewe nilipoteza miezi kadhaa nikiamini protini yangu ni ya nje tu, nikajenga hadithi nzima juu ya hilo, siku nimeweka dawa ya kuziba kutoka, saa moja baadaye viini vyote vinawaka kama taa. Nilicheka kwanza, kulia nikalia baadaye.

Kabla ya kushika pipeti jua kwanza mlango wenyewe ukoje, maana ukielewa mlango nusu ya maamuzi yanakuja yenyewe. Kiini kimezungukwa na utando wa tabaka mbili, na utando huo una vitundu, kwenye seli ya binadamu ni maelfu kwa kila kiini. Kitundu kimoja si tundu kama la sindano, ni mtambo mkubwa uliojengwa na aina kama 30 za protini zilizojirudia kwa pande nane, jumla vipande karibu 1000. Katikati kuna nyuzinyuzi zilizojaa asidi amino za fenilalanini na glaisini (asidi amino ndo punje zinazojenga protini), zimevurugika kama wavu usio na mpangilio. Vitu vidogo vinapenya wavu huo bila kuuliza mtu. Kadiri protini inavyokuwa kubwa ndo inavyozidi kupata shida, na kuanzia kama kilodaltoni 40 hivi (ndo kipimo cha uzito wa protini) kwenda juu inahitaji kubebwa. Usiichukulie 40 kama ukuta wa zege, ni mteremko, kuna za 50 zinajipenyeza polepole.

Wabebaji ndo hao, importini za kuingiza na eksipotini za kutoa. Mzigo wa kuingia unakuwa na tiketi yake, kipande kifupi cha asidi amino ambacho importini inakitambua. Ile maarufu kuliko zote ilipatikana 1984 kwenye protini ya kirusi cha SV40, ni PKKKRKV, herufi saba tu, kila herufi ni asidi amino moja, K ni lisini na R ni arginini, na ukibadilisha ile lisini ya pili, namba 128, protini nzima inabaki nje. Zipo pia tiketi za vipande viwili, kama ya protini iitwayo nukleoplazimini, lisini na arginini huku, nafasi ya asidi amino kama kumi katikati, halafu lisini nyingine kule. Tiketi ya kutoka ni tofauti kabisa, yenyewe inapenda lusini zilizopangwa kwa nafasi nafasi, ndo ile iliyoonekana 1995 kwenye protini ya Rev ya kirusi cha HIV na kwenye protini ya seli iitwayo PKI, na anayeibeba anaitwa CRM1, wengine wanamwita eksipotini 1, ni huyohuyo usichanganyikiwe.

Sasa nani anaamua mzigo uende ndani au nje? Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani seli inatumia nguvu kuusukuma mzigo kwenye tundu. Hapana. Kupita kwenye tundu kwenyewe ni kuelea tu kwenda na kurudi. Kinachotoa mwelekeo ni kaprotini kadogo kanaitwa Ran. Ndani ya kiini kuna RCC1 imekaa kwenye DNA, kazi yake ni kuivisha Ran GTP, kamolekuli kenye nguvu, na nje kuna RanGAP ambayo inaifanya Ran iivunje hiyo GTP ibaki na GDP, yani GTP iliyokwisha tumika. Kwa hiyo Ran yenye GTP imejaa ndani na nje ni adimu. Importini ikifika ndani inakutana na Ran yenye GTP na papo hapo inaachia mzigo. Eksipotini yenyewe ni kinyume, haishiki mzigo vizuri mpaka Ran yenye GTP iwepo, wanatoka watatu pamoja, wakifika nje GTP inavunjwa na mzigo unadondoka. Halafu protini iitwayo NTF2 inairudisha Ran ndani na mchezo unaanza upya. Nguvu inalipwa hapo kwenye GTP, si mlangoni. Nakipenda sana hiki kipande, yani seli imetengeneza ndani na nje kwa kuweka vimeng'enya viwili sehemu mbili tofauti basi.

Haya tuje kwenye kazi.

Kitu cha kwanza piga hesabu ya uzito. Chukua protini yako jumlisha na GFP ambayo yenyewe ni kilodaltoni 27. Kama jumla haifiki 40 na ushei basi utaiona kila mahali, ndani na nje, na hiyo picha haikuambii chochote kwa sababu inapenya yenyewe bila tiketi. GFP tupu ndo inafanya hivyo. Dawa yake ni rahisi, unganisha GFP mbili au tatu mfululizo, ukifika 80 na kitu hakuna kujipenyeza tena, ikionekana ndani jua imebebwa.

Alafu soma mfuatano wake. Kuna programu za kutabiri, cNLS Mapper kwa tiketi za kuingia na NetNES kwa za kutoka, zitumie ila zichukue kama umbea wa mtaani, unausikiliza lakini haupeleki mahakamani. Protini yoyote inayoshika DNA au RNA ina marundo ya lisini na arginini ambayo si lazima yawe tiketi. Na lusini zilizopangwa vizuri ziko kila protini, nyingi zimejificha tumboni kwenye mkunjo ambako CRM1 hawezi kuzifikia hata kwa bahati mbaya.

Kwenye kupiga picha nitakaa kidogo maana makosa mengi yanazaliwa hapa. Usiweke plazimidi nyingi, zile duara za DNA zinazobeba jeni ya protini yako. Seli ikijazwa protini kupita kiasi wabebaji wanazidiwa na unachokiona ni foleni, si tabia ya kawaida ya protini. Tafuta seli zinazong'aa kidogo, zile zinazowaka sana zinapendeza kwenye slaidi lakini ndo waongo wakubwa. Ukiweza, itafute protini ya asili ya seli yenyewe kwa kingamwili, na hiyo kingamwili uipime kwanza kwenye seli ambazo jeni ya protini hiyo imezimwa, kama bado unaona alama basi kingamwili yako inaona kitu kingine. Kugandisha seli kwa kemikali ili zibaki kama zilivyo, tumia paraformaldehaidi asilimia 4 kwa dakika 10 mpaka 15, methanoli ni ya haraka lakini inaweza kuosha au kuhamisha protini laini. Paka DAPI kuonyesha DNA. Na piga kwa hadubini ya konfoko, ile inayoona tabaka moja jembamba tu, tafadhali, kwa sababu kwenye hadubini ya kawaida saitoplazimu, ule ute wa nje ya kiini, iliyolala juu na chini ya kiini inaonekana kama iko ndani ya kiini, nimeona watu wakibishana wiki mbili juu ya protini iliyokuwa imepumzika juu ya paa tu. Seli zinazogawanyika ziondoe kwenye hesabu, kwa sisi mamalia utando wa kiini unavunjika wakati huo na kila mtu anachanganyika na kila mtu. Halafu pima kweli, mwanga wa ndani gawanya kwa mwanga wa nje, seli nyingi, siku tofauti, na anayepima asijue ipi ni ipi.

Sasa ile dawa niliyosema. Leptomaisini B inajibana kwenye sisteini namba 528 ya CRM1 ya binadamu na CRM1 haiwezi kushika mzigo tena. Watu wengi wanatumia nanomola 10 mpaka 20, saa moja hadi tatu. Kwenye sahani ya pembeni weka ethanoli peke yake kiasi kilekile, ile ambayo dawa imeyeyushwa ndani yake, na kwenye sahani nyingine weka protini ambayo kila mtu anajua inatoka kwa CRM1, ili kama hakuna kilichotokea ujue tatizo ni dawa iliyokufa au ni protini yako. Protini yako ikijaa ndani, jibu unalo, ilikuwa inaingia na kutoka muda wote. Isipojaa usikimbilie kusema haiingii, kuna eksipotini nyingine ambazo leptomaisini haizigusi, na pia inawezekana protini imefungwa kamba na kitu huko nje. Na kama unafanya kazi na hamira, CRM1 yake ina threonini pale ambapo binadamu ana sisteini kwa hiyo dawa haishiki kabisa, lazima utumie aina iliyobadilishwa sehemu hiyo iwe sisteini. Hili limewahi kumtesa vibaya sana mtu ninayemjua.

Ukishajua inaingia, tafuta tiketi yake. Badilisha zile lisini na arginini unazozishuku ziwe alanini uone kama inabaki nje. Lakini hapo umethibitisha nusu tu, huenda umeharibu mkunjo wa protini nzima. Nusu ya pili ni kukata kile kipande kidogo peke yake na kukiweka kwenye mzigo mkubwa usio na tiketi, zile GFP tatu zinafaa, kama kinauingiza ndani basi hapo hakuna atakayekubishia. Kwa tiketi ya kutoka fanya vivyo hivyo ila ukibadilisha lusini, na ukiona protini uliyoibadilisha imejaa ndani bila dawa, hapo inapendeza.

Kinyume chake nacho kipo. Protini unaiona ndani kila siku, je huwa inatoka? Leptomaisini haitakusaidia, imeshajaa ndani tayari utaona tofauti gani? Hapa kuna mbinu ya zamani nzuri sana, unaunganisha seli ya binadamu na ya panya ziwe seli moja yenye viini viwili, unaweka saikloheksimaidi kidogo kabla ili protini mpya isitengenezwe, halafu unasubiri uone kama protini iliyokuwa kwenye kiini cha binadamu inaonekana kwenye kiini cha panya. Ikionekana, ilitoka kule ikaingia huku, njia nyingine haina. Vya panya utavitambua kwa DAPI maana vina madoadoa yanayong'aa. Kama una leza nzuri kwenye hadubini unaweza kuchoma rangi ya nje ya kiini tena na tena, kama mwanga wa ndani unapungua taratibu maana yake protini inavuja kwenda nje, ila weka seli ya jirani ambayo hujaichoma ulinganishe nayo, rangi huwa inafifia yenyewe tu kwa kupigwa picha.

Ukitaka kujua ni nani hasa anayeibeba, nenda kwenye dijitonini, mbinu ya 1990. Dijitonini kidogo inatoboa utando wa nje wa seli kwa sababu una kolesteroli nyingi, utando wa kiini unabaki mzima. Saitoplazimu inamwagika, we unarudishia unachotaka: importini uliyoitengeneza, Ran, GTP, mzigo wenye rangi. Toa kimoja kimoja uone lini kazi inasimama. Weka sampo moja kwenye barafu, kubebwa kunasimama lakini kujipenyeza kunaendelea, na nyingine weka lektini ya ngano ambayo inaziba vitundu. Dozi ya dijitonini ipime upya kila ukibadilisha aina ya seli. Ikizidi unatoboa na kiini na hapo kila kitu kitaingia, utafurahi bure. Kuhakikisha, weka dekstrani kubwa yenye rangi, ni sukari ya molekuli kubwa, ikionekana ndani ya kiini mwaga anza upya.

Kitu kingine watu wanasahau, protini nyingine zinasubiri kuitwa. NFAT inakaa nje ikiwa na fosfeti nyingi, kalsiamu ikipanda kimeng'enya cha kalisinurini kinazitoa hizo fosfeti na tiketi inafunuka. NF-kB inashikiliwa na protini nyingine, IkB, mpaka IkB ivunjwe. Kipokezi cha glukokotikoidi kinangoja homoni, na hapa angalia chakula cha seli zako maana seramu ya damu iliyomo ina homoni, unaweza ukawa umeshakiita bila kujua. Ukiangalia seli iliyotulia tu utaandika haiingii, kumbe hujaipa sababu ya kuingia.

Halafu kabla hujaanza kuagiza madawa ya bei, hamisha GFP uiweke upande wa pili wa protini urudie picha. Tiketi nyingi ziko mwishoni kabisa mwa protini, mwanzo au mwisho, na GFP ukiigandisha pale inaweza kuifunika importini isiione. Ni plazimidi moja tu ya kutengeneza, na kwa upande wangu ndo iliyobaki kwenye orodha ya "nitafanya wiki ijayo" kwa muda mrefu kuliko zote.