Kumtambua kunguni wa miguu-jani kabla ya kumpulizia dawa

Hapa Kahawa West, Nairobi, majirani wanaopanda mapasheni uani huniletea wadudu ndani ya chupa, na swali huwa moja: huyu tumpulizie dawa? Mimi huanzia mdomoni, maana hapo ndipo adui na rafiki hutengana.

Mlaze chali. Kunguni wa miguu-jani, mfyonza mimea wa jamii ya Coreidae, ana mrija mwembamba ulionyooka, wenye pingili nne, uliolala chini ya kifua katikati ya miguu. Kunguni muuaji ana mrija mfupi, mnene, uliopinda, na kichwa chembamba chenye shingo. Huyo huwinda viwavi. Mrudishe shambani, tafadhali, na umsukume kwa kijiti kwani huuma vibaya.

Ukishahakikisha si muuaji, hesabu vipapasio: pingili nne. Kunguni-ngao, kama yule wa kijani anayefyonza nyanya, kwa kawaida ana tano, na pembetatu ya mgongoni mwake ni kubwa. Ya huyu wetu ni ndogo. Sasa fungua bawa la juu ulitazame kwenye mwanga. Sehemu laini ya nchani ina mishipa mingi iliyokaribiana, ilhali kunguni wa mbegu ana minne au mitano tu. Alama hii naiamini kuliko ile ya mguu.

Mguu wenyewe basi. Leptoglossus, mpenzi wa mapasheni na maboga, ana muundi wa nyuma uliopanuka ukawa bapa kama jani, kingo zake zikiwa na mapengo. Lakini si jamii yote iliyo na jani hilo! Anoplocnemis curvipes, mweusi, mkubwa, anayenyausha ncha za kunde na mbaazi, hana kabisa. Dume lake lina paja nene lililopinda, lenye mwiba. Clavigralla wa maganda ya kunde ni mdogo, wa kijivu, mwenye vinyweleo. Anayetafuta jani peke yake atawaacha hawa wawili wamalize kunde.

Watoto hawana mabawa, na wachanga hawajaota jani, kwa hiyo rudi kwenye mrija. Mayai ya Leptoglossus hupangwa mstari mmoja juu ya shina au kikonyo, yakwangue.

Wakubwa waokote alfajiri, hasa baridi ya Julai, wakiwa bado wazito kuruka, uwatumbukize kwenye maji ya sabuni. Kwa mapasheni ya uani, dawa haihitajiki.