Jinsi ya kuitambua treni ya magogo kwenye picha ya zamani

Picha za zamani za treni za magogo zimejaa mtandaoni, nyingi ni za Marekani kati ya miaka ya 1880 na 1930 hivi, na maelezo yake ni "treni ya mvuke msituni" basi. Ila ukishajua pa kutazama unaweza kusema injini ni ya aina gani, inakula nini, na wakati mwingine hata mwaka ambao haiwezi kuwa chini yake. Usihangaike na uso wa treni, anza juu kwenye bomba la moshi halafu shuka kwenye magurudumu.

Bomba likiwa limevimba juu, pana kama faneli, ujue hapo zinachomwa kuni. Shida ya kuni ni cheche. Mvuke uliotumika kwenye silinda unatolewa kupitia bomba la moshi kwa nguvu, unavuta moto, na unaondoka na vipande vyepesi vya kaa ambavyo bado vyekundu, sasa weka hiyo katikati ya msitu uliokauka na matawi yamelala kila mahali. Ndani ya lile bomba nene kuna bomba jembamba la kawaida, juu yake koni na wavu wa waya, cheche zinagonga pale zinageuka kuangukia kwenye ile nafasi pana zinafia humo, moshi unapita. Haikuwa kinga ya uhakika, misitu iliendelea kuungua, ndo maana karne ya 20 ilipoanza kampuni nyingi za upande wa magharibi zilihamia mafuta mazito. Kwa hiyo bomba jembamba lililonyooka kwenye picha ya Oregon au Washington mara nyingi ni mafuta, ukiliona West Virginia fikiria makaa ya mawe.

Hakikisha kwa kutazama nyuma ya dereva. Kuni hazijifichi, kilo ya kuni kavu inatoa joto kama nusu tu ya kilo ya makaa mazuri, hivyo rundo lazima liwe kubwa. Lakini kwenye kiwanda cha mbao mabanzi yalikuwa ya bure, nani angenunua makaa?

Sasa chini, na hapa ndo penye utamu. Treni ya kawaida ina magurudumu makubwa yaliyoungwa na vyuma virefu kwa nje. Hiyo inataka reli nzuri, na reli za msituni zilikuwa ovyo, zinatandikwa haraka, miti ikiisha zinang'olewa zinahamishiwa kwingine, kona kali na milima juu yake. Ephraim Shay, mkata magogo wa Michigan, akatafuta njia ya kusukuma kila gurudumu kwa gia, akapata hataza mwaka 1881, na kiwanda cha Lima kule Ohio kikazitengeneza hadi 1945, zaidi ya 2,700. Kuitambua Shay ni rahisi kuliko zote: silinda mbili au tatu zimesimama wima upande wa kulia, shafti ndefu inapita kwa nje ya magurudumu na kila gurudumu la upande huo lina gia ya mshazari kama za ndani ya difu ya lori. Boila limesogezwa kushoto ili kusawazisha uzito, ukiiona kwa mbele inaonekana kabisa imekaa upande. Tatizo ni picha iliyopigwa kutoka kushoto, huko hakuna kitu cha kuona, hapo tafuta tu hilo boila lililohama.

Silinda zikiwa mbili, moja kila upande, zimelala kwa kuinamia ndani chini ya boila kama V, hiyo ni Heisler, ya Erie, Pennsylvania. Shafti yake iko katikati huioni, ila utaona vyuma vimeunga magurudumu ya kila bogi, yaani kile kigari kidogo cha magurudumu manne kilicho chini ya injini. Kama silinda zimelala mshazari kando ya boila na magurudumu hayana chuma chochote kwa nje, ni Climax, ilitoka Corry, Pennsylvania, kuanzia 1888 mpaka 1928. Climax za mwanzo zinachekesha kidogo, zinafanana na kibanda cha mbao kilichopakiwa kwenye behewa, watu wengi wanadhani ni karakana inayotembea.

Kuna Willamette pia ya Portland, hii ukiitazama haraka utasema Shay. Zilitengenezwa 33 tu kati ya 1922 na 1929, kwa hiyo picha ikiwa ya 1915 ondoa wasiwasi.

Usikadirie mwaka kwa kutumia kiungio cha mabehewa, huu mtego umenasa wengi. Sheria ya Marekani ya 1893 ililazimisha viungio vinavyojifunga vyenyewe, lakini kwa reli za biashara kati ya majimbo, reli binafsi za msituni nyingi ziliendelea na vile vya pini vya kukata watu vidole kwa miaka mingi baadaye. Bora uvute picha ukatafute kibati cha kiwanda ubavuni mwa boila kwa mbele, namba yake inakupa mwaka injini ilipotengenezwa. Sio mwaka wa picha, maana ziliuzwa mitumba kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Ikiwa ni video sikiliza mlio. Shay inapumua harakaharaka utadhani inakimbia balaa, kumbe ni gia, mtu anayetembea anaweza kuipita mlimani. Na video za rangi za siku hizi ziangalie mara mbili, injini nyingi za watalii na za sinema zimevishwa bomba nene la urembo tu. Kule Vișeu de Sus, Romania, kuni zinachomwa kweli hadi leo kwenye reli ya upana wa milimita 760, lakini kwingine ukiona bomba limevimba halafu nyuma hakuna rundo, kuna tangi lenye mfuniko, hiyo inakunywa mafuta.