Sio kila muwasho ni fangasi: jinsi ya kuandika faili na kuchagua namba ya ICD kwa magonjwa ya ngozi ya sehemu za siri za mama

Jamani wenzangu wa OPD (wagonjwa wa nje) na kliniki za kina mama, hii naiandika hasa kwa mnaoanza kazi huku kwetu, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, maana nimeshika mafaili miaka mingi na kuna kitu kinaniuma sana. Mama anakuja anasema anawashwa "huko chini", anaandikiwa fangasi, B37.3 (namba yake kwenye ICD, orodha ya WHO ya namba za magonjwa), anapewa krimu anaondoka, na hakuna aliyemwangalia.

Kuna mama mmoja mtu mzima, Mgogo, Kiswahili chake kidogo, alikuwa anatafsiriwa na mjukuu. Kadi yake ilikuwa na neno fangasi mara sita ndani ya miaka miwili, kalamu tofauti, mwandiko tofauti, neno lilelile. Siku alipopandishwa kitandani na taa ikasogezwa, ngozi ilikuwa nyeupe, nyembamba, imekunjamana kama karatasi ya sigara, imeanzia kwenye kinembe ikazunguka mpaka njia ya haja kubwa kama namba 8, na mashavu madogo ya uke yalikuwa karibu yameisha. Hiyo ni likeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu, sio fangasi. Alafu mjukuu alipotolewa nje na akaingia nesi anayejua Kigogo ndo mama akasema tendo la ndoa lilimshinda kwa maumivu siku nyingi. Hayo angeyasemaje mbele ya mjukuu wake?

Kwahiyo kabla ya namba yoyote, angalia, alafu andika ulichokiona. Andika ni mashavu makubwa, madogo, kinembe, msamba au mpaka kwenye haja kubwa, rangi gani, ukubwa kwa milimita, ngozi ni nyembamba au imekuwa nene kwa kujikuna, kuna mpasuko, kidonda, uvimbe? Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, sio kwako wewe uliyesimama mbele yake.

Hapa kwenye kutaja sehemu naomba mnisikilize vizuri. Vitabu vinafundisha kutumia uso wa saa, 12 juu kwenye kinembe na 6 chini upande wa haja kubwa. Sasa sisi tukisema "saa tatu" mshale uko kwenye 9! Nimeona faili limeandikwa "kidonda saa tatu", aliyeandika alimaanisha upande mmoja na aliyekuja kukata kinyama cha baiopsi (cha kupimwa maabara) akaenda kutafuta upande mwingine. Andika "kwenye namba 3 ya uso wa saa, kushoto kwa mgonjwa" na uchore kamchoro, hata duara tu na alama ya x inatosha.

Jambo lingine la huku kwetu ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 47 kati ya 100 Dodoma wamekeketwa, na likeni sklerosasi nayo inafuta mashavu madogo na kufunika kinembe, ukiangalia haraka unaweza kuchanganya hivi viwili. Muulize kwa heshima, faragha, na uandike jibu lake kama alivyosema. Kama alikeketwa, ICD-10 ya WHO ina Z91.7 unayoiongeza pembeni, haiondoi ugonjwa alionao leo, na uvimbe laini kwenye kovu la zamani mara nyingi ni sisti ya ngozi, L72.0. Kwa binti mdogo uwe makini mara mbili, maana likeni inaweza kuleta michubuko na damu mtu akadhani ameingiliwa, na huku kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, hivyo neno lako kwenye faili lina uzito. Andika ulichokiona, ukiwa na wasiwasi mwite mwenzako mwenye uzoefu siku hiyohiyo, usikae kimya na usihukumu.

Namba sasa. Muwasho bila sababu iliyojulikana ni L29.2, na hii mimi naipenda kuliko fangasi ya kubahatisha, B37.3 ibaki kwa aliyeonekana na dalili zenyewe au kipimo. Likeni sklerosasi ni L90.0, likeni plana, ugonjwa mwingine wa ngozi, L43, ngozi iliyokuwa nene kwa kukunwa muda mrefu L28.0. Anayeoshea sabuni kali mpaka anaungua ni L24.0, kwahiyo muulize anaoshea nini. Vinyama vinavyoota sehemu za siri A63.0, hepesi A60.0, jipu la mashavu N76.4 ila likiwa la tezi ya Bartholin ni N75.1. Ukitafuta Google utaona likeni sklerosasi ya sehemu za siri za mama imepewa N90.4 na kandida (fangasi yetu ya B37.3) imekatwakatwa kuwa B37.31, hizo ni za toleo la Marekani, kwenye la WHO N90.4 ni leukoplakia ya vulva, yaani mabaka meupe ya sehemu za siri za nje.

VIN, yaani mabadiliko ya seli za vulva yanayoweza kuja kuwa saratani, usiiguse bila majibu ya maabara. VIN 1 ni N90.0, VIN 2 ni N90.1, lakini VIN 3 inahama kabisa inaenda D07.1, wengi wanaiweka N90.2 na hapo mgonjwa anapotea kwenye hesabu za wanaotakiwa kufuatiliwa kwa saratani.

Na klemu nazo, yaani madai ya malipo kwa bima. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi tulikatwa malipo sababu faili lilisema B37.3 na dawa ni klobetasoli 0.05%, mhakiki akauliza hii stiroidi kali ya fangasi gani? Dawa ilikuwa sahihi kabisa, namba tu ilinakiliwa kutoka hudhurio la nyuma. Ukibadilisha utambuzi futa wa zamani kwa mstari mmoja, weka tarehe na sahihi, andika kwanini.

Likeni sklerosasi haiishi kwa tyubu moja, na wachache, chini ya 5 kati ya 100, wanaweza kupata saratani hapo hapo. Kwahiyo mwishoni mwa maelezo andika tarehe ya kurudi na kitakachofanya akatwe kinyama: kidonda kisichopona, sehemu iliyokuwa ngumu au iliyoinuka. Yule mama kadi yake sasa ina L90.0, mchoro, na tarehe ya kliniki kila miezi mitatu, na anakuja na nesi wake yuleyule wa Kigogo.