Kujiandaa kwa Usaili wa Uhadhiri Nyanda za Juu Kusini

Anayeitwa kwenye usaili wa uhadhiri, iwe ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, mara nyingi hukesha akipitia tasnifu yake na kuliachia somo la majaribio muda mchache mno, ilhali hapo ndipo jopo linapomwona akiifanya kazi anayoiomba.

Chagua dhana moja tu na uifundishe mpaka ieleweke. Mwanafizikia aliyepangiwa mada ya nishati asianze kwa kurundika fasili. Awape wasikilizaji lori la tani 30 lenye viazi vya Njombe, linaloteremka mlima Kitonga kwa mwendo usiobadilika, tuseme kwa kimo cha mita 400, kisha aulize nishati yake imekwenda wapi. Akokotoe ubaoni, hatua kwa hatua, hadi apate takribani megajuli 118 zinazogeuka joto, na aonyeshe kwamba dereva asiyetumia gia ndogo ili injini isaidie kulizuia lori huziachia breki sehemu kubwa ya joto hilo. Mfano wa namna hii hulionyesha jopo kwamba unamjua mwanafunzi atakayeketi mbele yako.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia vyuoni, na maelezo yanayotiririka kichwani kwa Kiswahili yanaweza kukwama mdomoni. Jizoeze pia kufundisha kwa ubao peke yake, maana umeme unaweza kukatika.

Kuhusu utafiti, eleza utakachofanya hata kabla ya kupata ufadhili, na utaje kozi za idara hiyo unazoweza kuzifundisha tangu muhula wa kwanza. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafutaje jibu. Kwa maoni yangu, hilo humjengea msailiwa heshima kuliko kubahatisha.

Kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi vya shahada, pamoja na kitambulisho. Shahada ya nje ya nchi iwe imehakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia hati ya kubadili jina (deed poll) mapema, kabla hujakata tiketi ya basi.