Jinsi ya Kuanzisha Mafunzo ya Likizo kwa Walimu wa Uandishi: Tuazime Nini kutoka Berkeley?

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuwakusanya wenzake nchini Uganda ili wanoane katika kufundisha uandishi hana haja ya kuingia porini bila njia, kwa maana njia hiyo ilikwisha kufyekwa mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Malalamiko ya wakati ule yanafanana na yetu: wanafunzi wengi walifika chuo kikuu wakiwa hawawezi kuandika insha ya kuridhisha. James Gray, aliyekuwa amefundisha sekondari kabla ya kujiunga na chuo hicho, hakuwaita maprofesa wawahutubie walimu. Yeye na wenzake waliwaalika walimu wenyewe, wa madarasa ya chini hadi wa vyuo, wakakaa pamoja majuma matano ya likizo, kila mmoja akiwaonyesha wengine mbinu iliyomfaa darasani, na wote wakiandika. Mradi huo, Bay Area Writing Project, ndio uliozaa National Writing Project, ambao baadaye ulikuwa na vituo karibu 200 katika vyuo vikuu vya Marekani.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutafuta chuo kikuu cha kushirikiana nacho, iwe Makerere, Kyambogo au chuo kilicho karibu nawe. Mafunzo yanayoegemea shule moja hufa siku mkuu wa shule anapohamishwa, ilhali chuo kina maktaba, kumbi zilizo wazi wakati wa likizo, na wahadhiri wanaoweza kubaki na kazi hiyo miaka mingi. Hoja ya kuwasilisha mezani ipo tayari: mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi, lakini walimu wa kulibeba somo hilo bado ni wachache.

Katika kuwachagua washiriki, usitegemee barua ya mkuu wa shule peke yake. Mwite mwalimu, umwombe akueleze somo moja la uandishi lililomwendea vizuri na sababu zake. Anayeweza kulieleza kwa undani ndiye unayemtafuta, hata kama hana shahada. Changanya wa msingi na wa sekondari, na usizidishe watu ishirini na watano, maana kikundi kikubwa hugeuka kuwa mkutano.

Moyo wa mafunzo ni somo la mfano. Mwalimu anasimama na kuwafundisha wenzake kana kwamba ni wanafunzi wake, nao wanaifanya kazi yenyewe kwa kalamu na karatasi, kisha wanajadili kilichofaa na kilichokwama. Tuseme mwalimu kutoka Masaka anaonyesha jinsi anavyofundisha upatanisho wa ngeli kwa kuanzia kwenye Kiganda: mtoto asemaye “ekitabo kyange” na “ebitabo byange” hapati taabu kubwa kufika kwenye “kitabu changu” na “vitabu vyangu”. Mwenzake wa Gulu atainua mkono mara moja, kwa sababu Kiacholi hakina ngeli za namna hiyo, na mtoto wake hana daraja hilo la kuvukia; itambidi aanze na sentensi nyingi fupi zinazorudiwa ndani ya hadithi moja. Ubishi wa aina hii haupatikani kwenye hotuba ya mtaalamu, na kwa maoni yangu ndio unaostahili saa nyingi kuliko kitu kingine chochote katika ratiba.

Asubuhi iachwe kwa kuandika. Walimu wengi watalalamika, kwa kuwa tumezoea kusahihisha insha kwa wino mwekundu bila kuandika hata moja tangu tulipotoka chuoni. Usiwaonee huruma. Mwalimu akikaa nusu saa mbele ya ukurasa mweupe, kisha akasoma rasimu yake mbele ya wenzake wanne huku sauti ikimtetemeka kidogo, ataelewa kwa nini mwanafunzi wake hunakili mwanzo uleule wa insha kila mara. Alasiri vikundi hivyo vidogo visomeane, kila rasimu ipate maswali kabla ya masahihisho, na mwandishi airudie upya.

Majuma matano hayatuwezekani, kwa kuwa likizo ya mwalimu wa Uganda ndiyo pia msimu wake wa shamba na wa kutafuta karo za watoto. Majuma mawili ya Januari yanatosha. Kuhusu fedha, wenzetu wa Marekani walipata ruzuku ya serikali kuu kuanzia mwaka 1991, ikakatwa mwaka 2011, na vituo vilivyoendelea viliegemea vyuo na shule za maeneo yao. Kwa hiyo omba nauli na chakula kutoka mikono kadhaa, wala usiahidi posho ambayo huna.

Siku ya mwisho kila mshiriki aondoke na andiko moja lililokamilika, somo moja la mfano lililoandikwa kwa utaratibu, na tarehe ya Jumamosi atakayolifundisha somo hilo kwa walimu wa shule jirani kabla muhula wa kwanza haujafika katikati.